Barua kwa mwanangu: kiwanda cha nguo si kuta

Mwanangu,

Salamu zako zimefika, nasi hapa hatujambo. Umeuliza mambo mawili kwa mpigo: kwa nini viwanda vya nguo vya enzi ya kiwanda cha Urafiki cha Dar es Salaam vikishasimama kazi havirudi hata kama kuta zipo, na kama ukumbi mkongwe wa namna hiyo unafaa kugeuzwa soko au ghala kama ofisi yenu inavyotaka. La pili linategemea la kwanza, kwa hiyo nivumilie kidogo.

Februari 1965 Mwalimu Nyerere alikwenda Beijing, mkataba wa urafiki ukatiwa saini. Juni mwaka huohuo Zhou Enlai akaja Dar es Salaam. Kiwanda cha Ubungo kilichojengwa kwa msaada wa China kikabeba jina la mkataba huo, kikafunguliwa 1968, mwaka mmoja baada ya Azimio la Arusha. Rika lako wengi wanaijua Urafiki kama kituo cha mwendokasi kwenye Barabara ya Morogoro tu. Kilikuwa kiwanda kamili: pamba nyuzi inaingia kwa marobota, inachambuliwa, inachanwa, inasokotwa uzi, inafumwa, inapaushwa, inapigwa chapa, inatoka khanga na vitenge. Shika neno hilo, kamili. Anayenunua uzi na kufuma tu anaweza kukodi banda moja na kulitia unyevu. Kiwanda kamili kinahitaji kumbi zenye hewa tofauti chini ya mfumo mmoja, na jengo ndilo linalotengeneza hewa hiyo.

Pamba inataka unyevu. Kwenye kusokota, unyevu wa hewa uwe kati ya asilimia 55 na 65. Kwenye kufuma upande mpaka 75 au 80 na zaidi. Ukishuka, uzi unakuwa mkavu, unakatika, vumbi la pamba linaruka, na kila uzi ukikatika mtambo unasimama mpaka mtu aunge. Watu husema Dar ina unyevu wa kutosha, ya nini kuongeza? Hawahesabu joto la mota. Hewa ya nyuzi joto 30 yenye unyevu wa asilimia 75, ikipashwa hadi nyuzi 36 na mamia ya mota, unyevu wake hushuka hadi kama asilimia 54 bila tone la maji kupotea. Ndiyo maana viwanda hivi vilikuwa na vyumba vya kunyunyizia maji, mapanga makubwa ya kusukuma hewa, mikondo ya kuipitisha juu, na mahandaki chini ya sakafu ya kuivuta irudi ikiwa na vumbi lake. Ukiondoa mapanga hayo na kuacha mitambo ya kufuma, umebakiwa na mitambo isiyofuma.

Paa nalo. Viwanda vingi vya nguo vya zamani vina paa la meno ya msumeno, upande mmoja mabati, upande mwingine vioo. Mkiona la namna hiyo, angalieni vioo vimeelekea wapi. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, na kuanzia mwanzo wa Machi hadi mwanzo wa Oktoba jua la adhuhuri linakuwa upande wa kaskazini. Kwa hiyo vioo vikielekea kusini mnapata mwanga bila jua kali kwa sehemu kubwa ya mwaka. Aliyenakili ramani ya Ulaya bila kufikiri ataelekeza vioo kaskazini na kuwachoma wafumaji wake.

Ubaya wa paa hilo ni mifereji iliyo katikati ya meno. Chukua paa la mita za mraba 10,000: mvua ya milimita 50, ambayo masika huweza kuileta kwa siku moja, ni lita 500,000 zinazotafuta njia. Kiwanda kikiwa kinafanya kazi, kuna mtu wa kupanda kuzibua mifereji. Kikifungwa, mtu huyo ndiye wa kwanza kuachishwa, kwani haonekani ana faida. Majani na vumbi la pamba vinaziba, maji yanafurika kwa ndani, yanashuka kwenye nguzo. Chuma kilichomo kwenye zege kikishapata maji na hewa kinashika kutu, na kutu inachukua nafasi zaidi ya mara mbili ya chuma chenyewe, basi zege linapasuka kutoka ndani. Mkifika, msianze na kuta. Anzeni na mifereji, kisha vichwa vya nguzo zilizo chini yake. Gongeni kwa nyundo ndogo. Panapotoa sauti ya utupu, zege limeshaachana na chuma.

Kuhusu kwa nini havirudi, sababu haikuwa moja. Miaka ya 1980 fedha za kigeni ziliadimika, spea hazikuja, umeme na maji vikawa vya kubahatisha. Bajeti ya 1984/85 ikafungua mlango kwa walioweza kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, na mitumba ikaanza kuingia kwa wingi. Mwaka 1992 ikaundwa tume ya kurekebisha mashirika ya umma. Baadaye katika muongo huohuo Urafiki ikawa kampuni ya ubia, upande wa China asilimia 51 na Serikali yetu 49. Wengi wanalaumu mitumba peke yake. Mimi naona hesabu ya mtambo ilikuwa imeshaharibika kabla.

Ifanye mwenyewe. Mtambo wa zamani wa kurusha mshindio, yaani uzi unaokatiza upana wa kitambaa, kwa kijimtumbwi cha mbao huupitisha kama mara 200 kwa dakika. Kwa kitambaa chenye nyuzi 20 za mshindio kila sentimita, hiyo ni sentimita 10 kwa dakika, mita 6 kwa saa kama hausimami kabisa. Doti moja ya khanga ina urefu wa kama mita 3, maana yake nusu saa ya mtambo. Mitambo ya kurusha mshindio kwa hewa huzidi mara 600 kwa dakika, yaani doti hiyo kwa dakika 10. Basi unasema, tununue hiyo. Lakini inakula hewa ya kushindiliwa, inataka kompresa na umeme usioyumba. Inataka pia uzi ulio sawasawa, na uzi wa namna hiyo hautoki kwenye mitambo ya kusokotea ya 1968. Ukibadilisha kitu kimoja, unalazimika kubadilisha vitano. Na sakafu ya ukumbi wa kufuma iliwekwa kubeba mtikisiko wa mitambo ya aina fulani katika mistari fulani. Kuhamisha mistari ni kuvunja sakafu, na chini ya sakafu kuna yale mahandaki.

Kiwanda kikishasimama, kinaliwa kwa mpangilio. Shaba kwanza: nyaya na koili za mota. Kisha mabomba ya mvuke, kisha mitambo yenyewe inavunjwa nyundo na kuuzwa vyuma chakavu kwa kilo, mwisho mabati. Hatua ya shaba ndiyo inayoua. Kiwanda kisicho na mitambo lakini chenye nyaya, mvuke na maji kinaweza kupata mwekezaji. Kilichopoteza hivyo ni banda lenye kiwanja cha thamani, na mwekezaji atakayekuja atakuwa wa kiwanja.

Sasa ukumbi wenu. Kwa ghala unafaa, kama mifereji itapona. Kwa soko, mniahidi mambo matatu kabla ya kumwita mchoraji. Kama paa ni la asbesto, yale mabamba ambayo vumbi lake hudhuru mapafu, msitoboe wala kukata kwa msumeno. Karatasi zilowanishwe, zifunguliwe nzimanzima, mafundi wavae barakoa za kuchuja vumbi laini, si kitambaa. Pili, udongo wa chini ya sehemu ya kupaushia na kupiga rangi upimwe, kwani soda kali na rangi za miaka mingi hazikuishia zote kwenye mtaro, na mama wa mboga atamwaga ndoo zake hapohapo. Chumba cha kutia wanga mtande, yaani nyuzi za urefu wa kitambaa, nacho kisafishwe mpaka kwenye nyufa. Wanga unaita panya na ukungu hata baada ya miaka.

La tatu ni mahandaki ya hewa. Tafuteni michoro ya mwanzo, kwa mwenye jengo au kwenye halmashauri. Msipoipata, pigeni sakafu nzima kwa fimbo ya chuma kila mita moja na kuchora ramani yenu wenyewe. Handaki lisilojulikana litajaa maji masika, na lori la tani 10 likirudi nyuma kushusha mzigo litazama tairi la nyuma hadi kwenye ekseli. Mkilijua, liwekeni pampu, mnaweza hata kupitishia nyaya zenu humo.

Nitumie picha za vichwa vya nguzo kabla hamjapaka rangi.

Baba yako