Maswali ya Wasomaji: Shule za grama, mtihani wa miaka kumi na haki ya mtoto

Safari hii barua nyingi zimetoka kwa wazazi wanaoishi Uingereza. Wanauliza kuhusu shule za grama, yaani sekondari za serikali zisizo na ada ambazo huchuja watoto kwa mtihani wakiwa na umri wa miaka 10 au 11. England zimebaki 163. Wales na Scotland hazina kabisa, na Ireland ya Kaskazini ina utaratibu wake.

Binti yangu yuko mwaka wa 4 wa shule ya msingi, tunaishi Gravesend. Wenzangu wameshalipia tuisheni tangu watoto wakiwa mwaka wa 3, na mimi sina hela hiyo. Nimechelewa? Na mtihani wenyewe ukoje?
*Mama wa Gravesend*

Hujachelewa, dada. Gravesend iko Kent, kwa hiyo mwanao atafanya mtihani wa Kent. Usajili hufanyika mtandaoni, bila malipo, kuanzia Juni hadi mwanzoni mwa Julai akiwa mwaka wa 5. Shule yake haimsajili. Ni kazi yako mzazi. Kila mwaka kuna wanaokosa mtihani kwa sababu walidhani mwalimu ameshamaliza. Jihadhari pia na mipaka: Rochester, Chatham na Gillingham ziko chini ya halmashauri ya Medway, yenye mtihani wake na usajili wake. Kusajili Kent hakumwingizi mtoto Medway.

Mtihani hufanyika Septemba, mwanzoni mwa mwaka wa 6. Karatasi ya kwanza ni Kiingereza na Hisabati, dakika 25 kila somo baada ya mazoezi mafupi. Ya pili ni ya kufikiri: maneno, maumbo na michoro. Zote ni za kuchagua jibu. Kuna pia insha fupi ambayo haisahihishwi, lakini inaweza kusomwa na jopo la walimu wakuu wanapojadili mtoto aliyekosa kidogo tu.

Alama hurekebishwa kwa umri, hivyo aliyezaliwa Agosti halinganishwi moja kwa moja na aliyezaliwa Septemba iliyotangulia. Jumla lazima ifike kiwango, na tena hakuna somo linaloruhusiwa kushuka chini ya kiwango chake. Mtoto mkali wa Hisabati anaweza kuangushwa na Kiingereza peke yake.

Bila tuisheni inawezekana, ila si bila mazoezi. Anza na vijitabu vya mifano ambavyo watunga mtihani, GL Assessment, huvitoa bure mtandaoni. Kuanzia Pasaka ya mwaka wa 5, nusu saa mara nne kwa wiki inatosha watoto wengi. Mzoeshe karatasi ya majibu, maana hapo ndipo wengi huumia: mtoto anaruka swali la 14 kwenye kijitabu, anasahau kuliruka kwenye karatasi ya majibu, na kuanzia hapo kila jibu linakaa kwenye mstari usio wake. Mfundishe kutazama namba kila baada ya maswali matano. Kukosea hakupunguzi alama, kwa hiyo zikibaki sekunde chache ajaze yote yaliyobaki, hata kwa kubahatisha.

Jambo moja zaidi. Kufaulu si kupata nafasi. Shule za wavulana za Judd na Skinners', kwa mfano, huangalia sana alama za juu, na shule nyingine hutazama umbali wa nyumba. Soma masharti ya kila shule kabla hujamwahidi mtoto chochote.

Kijana wetu alifikisha jumla lakini Hisabati ikamwangusha kwa alama mbili. Tukate rufaa?
*Baba, Maidstone*

Mnaweza, ila mpangilio wake ni muhimu. Matokeo hutoka katikati ya Oktoba, na fomu ya kuomba sekondari hufungwa tarehe 31 Oktoba. Ili uwe na haki ya rufaa ni lazima shule hiyo iwe kwenye fomu na wakukatalie, jambo litakalojulikana tarehe 1 Machi. Kwa hiyo iandikeni, lakini msijaze fomu kwa shule za grama tupu. Wekeni angalau sekondari moja ya kawaida mnayoipenda na ambayo umbali wenu unairuhusu. Wazazi walioacha nafasi hiyo hupangiwa shule iliyobakiza viti, pengine mabasi mawili kutoka nyumbani.

Jopo la rufaa haliko chini ya shule, na uamuzi wake unaibana shule. Kwa mtoto ambaye hakufaulu, jopo linataka kuona ushahidi kwamba kiwango anacho: ripoti za shule za miaka miwili, matokeo ya mitihani ya ndani iliyofanyika kabla ya Septemba, na barua ya mwalimu mkuu inayoeleza kwa nini anamwona mtoto ni wa kiwango hicho. Barua inayosema "ni mtoto mzuri na mwenye adabu" haisaidii kitu. Kama siku ya mtihani aliumwa au kulikuwa na msiba, leteni karatasi ya daktari au ya shule yenye tarehe. Alama za mwalimu wa tuisheni hazina uzito, na kuisema vibaya shule ya jirani kunawaharibia.

Kama angekuwa amefaulu ila shule imejaa, hoja ingebadilika. Hapo jopo hupima mtoto atakosa nini akinyimwa shule ile hasa, dhidi ya mzigo wa shule kuongeza kiti kimoja.

Kaka yangu anasema shule hizi ndizo ngazi pekee ya mtoto wa maskini. Mwalimu wa mwanangu anasema ni dhuluma. Ninyi mnasimama wapi?
*Msomaji, Slough*

Tunasimama na mwalimu, na sababu tunazo.

Sheria ya elimu ya 1944 ndiyo iliyoeneza mfumo wa kuwagawa watoto kwa mtihani: wachache kwenda shule za grama, wengi kwenda sekondari za kawaida zilizotarajiwa kutoa mafundi na makarani. Mwaka 1965 serikali ya Labour ilizitaka halmashauri ziziunganishe, na nyingi zilifanya hivyo. Sheria ya 1998 ilipiga marufuku kufungua mpya. Waziri Mkuu Theresa May alitaka kuiondoa marufuku hiyo mwaka 2016, akaachana na mpango baada ya uchaguzi wa 2017.

Hoja ya kaka yako ingekuwa na nguvu kama maskini wangekuwemo humo. Mwaka 2016, wanafunzi wanaostahili chakula cha bure kwa sababu ya kipato cha wazazi walikuwa chini ya 3 katika kila 100 kwenye shule za grama, ilhali katika sekondari zote za serikali walizidi 13. Utafiti wa Stephen Gorard na Nadia Siddiqui wa Chuo Kikuu cha Durham, uliochapishwa 2018, ulionyesha kwamba ukizingatia aina ya watoto wanaoingia, shule hizi hazifundishi vizuri kuliko nyingine. Matokeo yake mazuri huanzia mlangoni, kwa waliochaguliwa.

Tazama swali la aina hii: kama BIRD ni CJSE, FISH ni nini? Mtoto aliyefanya hamsini ya namna hiyo anajua mara moja kwamba kila herufi inasogea hatua moja, anaandika GJTI na kuendelea. Mwenye akili ileile asiyewahi kuliona anatumia dakika nzima kuelewa tu anachoulizwa. Dakika hiyo ndiyo inayouzwa kwenye tuisheni. Tuseme ni paundi 35 kwa saa, wiki 40: ni paundi 1,400 kwa mwaka mmoja.

Na anayeumia zaidi ni yule aliyebaki nje, mtoto wa miaka 10 aliyeambiwa kwamba yeye si wa kundi lile, kisha akaingia shule iliyonyang'anywa robo ya wanafunzi wake, wale wenye alama za juu.

Hatumlaumu mzazi anayempeleka mwanawe. Anacheza kwa sheria alizozikuta. Zinazopaswa kubadilika ni sheria. Birmingham, shule za grama za King Edward VI zimetenga sehemu ya nafasi kwa watoto wa kipato cha chini na kuwashushia kiwango cha kuingia. Halmashauri na shule nyingine zinaweza kufanya hivyo kesho wakitaka, bila kusubiri bunge.

Nafuu hiyo ina mtego wake. Hutegemea mtoto awe ameandikishwa kwa chakula cha bure cha kipato wakati wowote ndani ya miaka sita iliyopita. Kwa kuwa watoto wote hula bure hadi mwaka wa 2, wazazi wengi hawajazi fomu, wakiona haina haja. Jazeni. Hata familia ambazo viza yao haiwaruhusu kupokea misaada ya serikali zinaweza kustahili, kulingana na kipato. Ulizeni ofisi ya shule mapema, maana kama mtoto hajaandikishwa, shule ya grama haitamhesabu.

Mwalimu mmoja wa tuisheni ametushauri tuache Kiswahili nyumbani ili mtoto afaulu. Ni kweli?
*Wazazi, Dartford*

Si kweli, na msikubali. Kinachowakwamisha watoto kwenye Kiingereza ni msamiati wa vitabuni, na huo mtoto haupati kwa wazazi kuhamia Kiingereza mezani. Mkatieni kadi ya maktaba, ni bure. Asome dakika 20 kila siku, na kila neno jipya aliandike kwenye daftari pamoja na sentensi yake mwenyewe. Jioni awaelezee hadithi aliyoisoma, kwa Kiswahili.