Usimlipe wakala hata dola moja kabla hujahesabu masomo 16

Kaka wa Dallas, hiyo kadi ya benki irudishe mfukoni kwanza. Umeuliza kama umlipe wakala dola 3,000 amtengenezee kijana video yake ya mpira wa Kimarekani na kuwaandikia makocha wa vyuo, kambi zipi za kiangazi zinafaa, na kama umhamishie shule yenye timu kubwa zaidi. Halafu katikati, kama jambo dogo tu, ukaandika kwamba kijana alimaliza Form One Nairobi, akafika huku akaanzishwa tena darasa la 9, Kiingereza amesoma kile cha wageni (ESL), hesabu aliyofeli anairudia kwenye kompyuta, na "mambo ya masomo tutayaweka sawa akifika darasa la 12". Hayo ndiyo yaliyonifanya niandike usiku huu badala ya kulala.

Darasa la 12 mtakuwa mmechelewa. Mtu yeyote aliyekuambia vinginevyo anakudanganya au hajui, na kwa mtoto wako matokeo ni yaleyale.

Ili mchezaji apewe ufadhili na acheze mwaka wake wa kwanza katika vyuo vya Divisheni ya Kwanza, yaani ngazi ya juu kabisa, NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo hapa Marekani, wanadai masomo 16 ya msingi: Kiingereza miaka 4, hesabu miaka 3 kuanzia Aljebra ya Kwanza kwenda juu, sayansi miaka 2, mwaka 1 wa ziada katika mojawapo ya hayo matatu, sayansi ya jamii miaka 2, na miaka 4 mingine ya masomo ya namna hiyo au lugha ya kigeni. Wastani wa alama katika masomo hayo, na hayo tu, usishuke chini ya 2.3 kwa kipimo cha 4. Alama nzuri za kwaya au mazoezi ya viungo hazimo humo. Na sasa sikiliza: masomo 10 kati ya hayo 16 lazima yawe yamekamilika kabla muhula wa saba haujaanza, yaani kabla ya kuingia darasa la 12, na 7 kati ya hayo 10 yawe ya Kiingereza, hesabu au sayansi. Hayo 10 yakishafungwa, hata mtoto akirudia somo na kupata A, ile alama mpya haipandishi wastani wake wa Divisheni ya Kwanza.

Mwanangu alicheza safu ya ulinzi hapa Ohio. Makocha wa chuo cha Divisheni ya Kwanza walikuja shuleni, wakamwona, wakamtaka, wakatuambia ada na chakula na malazi ni juu yao. Nyumba nzima tulishukuru Mungu. Kisha wakaomba karatasi ya matokeo. Siku chache baadaye kocha mmoja akanipigia, mtu muungwana, akanieleza taratibu kwamba yanayohesabika ni masomo 7 tu. Saba! Kijana alikuwa darasa la 12, hajawahi kurudishwa darasa, ukuta wa sebule umejaa vyeti vyake.

Yalikwenda wapi mengine? Miaka miwili ya Kiingereza alisoma ESL ya ngazi za mwanzo. NCAA hawaihesabu. Ile ya ngazi ya juu inaweza kukubaliwa, lakini ni pale tu shule imeiwasilisha na ikaidhinishwa iwe na uzito wa Kiingereza cha kawaida. Hesabu ya darasa la 9 ilikuwa ya maandalizi, kabla ya Aljebra, nayo nje. Biolojia aliifeli, shule ikamkalisha mbele ya kompyuta akabonyeza majibu hadi programu ikasema amefaulu. Shule ikampa krediti, NCAA wakaikataa, kwa sababu somo la mtandaoni lazima liwe na mwalimu anayefundisha na kuwasiliana na mwanafunzi mara kwa mara, na liwe kwenye orodha iliyoidhinishwa. Hata tungeongeza yote ya darasa la 12 asingefika 16. Asiyefika 16 hapewi ufadhili wa michezo Divisheni ya Kwanza mwaka wa kwanza, hafanyi mazoezi na timu, hachezi. Nafasi ikaenda kwa mtoto mwingine, na yule kocha hakuwa na la kufanya.

Mshauri wa masomo wa shule nilikaa naye ofisini kila mwaka. Kila mwaka aliniambia kijana anakwenda vizuri, atahitimu kwa wakati. Na kweli alihitimu, kwa joho na kofia. Ila kuhitimu sekondari ya Ohio na kukubaliwa na NCAA ni vitu viwili, na mtu anayelipwa mshahara kwa kazi hiyo alijua mtoto anacheza mpira, alijua anaota chuo, hakufungua mdomo. Alituona wageni, akadhani kuhitimu kunatutosha. Hilo bado linaniuma kuliko pesa.

Wakala naye! Alikuja na suti na kompyuta mpakato, akaonyesha picha za vijana waliosaini, akachukua pesa yetu kila mwezi. Alituma barua pepe kwa makocha wengi kwa mkupuo mmoja. Hakuwahi, hata siku moja, kuuliza karatasi ya matokeo. Alikuwa anawauzia makocha mbuzi kwenye gunia, na mbuzi mwenyewe ni mtoto wangu. Wako huyo wa dola 3,000, amekuuliza matokeo? Kama amekuahidi nafasi, jua kwamba huku vijana zaidi ya milioni moja wanacheza mpira huu sekondari, na kwa hesabu za NCAA wenyewe ni kama 7 tu kati ya kila 100 wanaoendelea hadi vyuo vyao, wakiwemo wa Divisheni ya Tatu, ambayo haitoi ufadhili wa michezo kabisa. Hakuna wakala mwenye nafasi mkononi za kugawa.

Wapo pia wale wa kwetu wanaosema kwenye sherehe kwamba Wamarekani wakimtaka mchezaji hawaangalii darasa. Wasikilize, wape chai, usiwafuate.

Sasa jambo lako wewe, ambalo kwetu halikuwepo na linanitisha zaidi. Saa ya NCAA haianzi mtoto anapotua uwanja wa ndege. Inaanza siku alipoingia darasa la 9 au linalolingana nalo, popote duniani, na masomo 16 yanapaswa kukamilika ndani ya mihula minane kutoka hapo. Form One ya mfumo wa 8-4-4 ndiyo mwaka wa 9. Kwa hiyo kijana wako, anayehesabiwa shuleni kuwa darasa la 11, kwao huenda yuko mwaka wa mwisho tayari! Ukisubiri hilo "darasa la 12", utakuwa unamsomesha masomo ambayo karibu yote hayataingia kwenye hesabu. Wala usimsikilize atakayekushauri uifiche ile Form One. NCAA wanadai matokeo yote ya kuanzia mwaka wa 9, na kuficha kunaweza kumfungia mlango kabisa. Isitoshe, huenda Kiingereza, hesabu na biolojia za Form One zikahesabiwa na kuziba mapengo ya huku. Mpigie leo ndugu aliyeko Nairobi aende shuleni achukue ripoti zenye muhuri.

Wiki hii, kabla ya kitu kingine chochote: omba shuleni karatasi ya matokeo. Ingia tovuti ya NCAA Eligibility Center, ofisi yao inayokagua sifa za wachezaji, tafuta shule ya kijana, fungua orodha ya masomo yaliyoidhinishwa, weka kidole kwenye kila somo moja moja. Jina lililo kwenye karatasi lifanane na lililo kwenye orodha. Lisilokuwepo, lifute bila huruma, hata kama ana A. Hesabu yaliyobaki. Kisha mfungulie akaunti hapohapo, uwaulize wao wenyewe saa yake ilianza lini, majibu uyapate kwa maandishi. Ada ya akaunti ya kuthibitishwa inaweza kusamehewa kwa familia zenye kipato kidogo, mshauri wa shule ndiye anayewasilisha ombi. Kama kuna pengo, muhula huu bado upo, na kuna masomo ya kiangazi, lakini somo la kiangazi nalo lipitie kwenye orodha kabla hujalilipia.

Ikionekana Divisheni ya Kwanza imeshindikana, ya Pili nayo inataka 16, wastani 2.2, ila haina ule mtego wa masomo 10 kufungwa mapema. Humo mna ufadhili na mna mpira wa maana. Wangu yuko chuo cha miaka miwili, tunalipa wenyewe, anafanya kazi usiku na kucheza mchana.

Video? Kocha wa shule anarekodi kila mchezo na kuuweka Hudl, mtandao wa video za michezo. Kijana akae naye wachague vipande vya dakika tatu au nne, vile vikali vitangulie, ajizungushie alama ili mtazamaji ajue yeye ni yupi. Awaandikie makocha mwenyewe, barua fupi, aambatanishe na matokeo. Hiyo ndiyo kazi ya dola 3,000. Na asikuuzie mtu kozi ya SAT, ule mtihani wa kuombea chuo, kwa jina la NCAA, waliondoa sharti hilo mwaka 2023. Chuo chenyewe kikiitaka, hilo ni jambo jingine.

Ukiipata karatasi, ziba jina la mtoto na la shule, iweke hapa pamoja na ile orodha. Mimi nitahesabu nawe somo kwa somo, hata kama ni saa nane za usiku.