Taichi Bila Mwenzi wa Kusukumana ni Nusu ya Kazi

Wengi wanaojifunza taichi, sanaa ya mapigano ya China ambayo siku hizi hufanywa polepole kwa ajili ya afya, huanza na ule mfululizo wa mitindo 24 uliotungwa na wakuu wa michezo wa China mwaka 1956. Ni mfululizo mzuri: unamalizika kwa dakika tano au sita, na mtu wa umri wowote anaweza kuukariri. Ila unaweza kuufanya miaka kumi bila kugundua kwamba kila mkono unaopita hewani una kazi yake, huu unapangua teke, ule unapiga kifua, mwingine unabana kiwiko. Taichi ilikuzwa na ukoo wa Chen katika kijiji cha Chenjiagou, mkoani Henan. Yang Luchan, aliyejifunza huko na kuipeleka Beijing katika karne ya 19, alijulikana kwa kupigana na kufundisha kupigana. Hakuna aliyemlipa amwondolee msongo wa mawazo.

Daraja kati ya mfululizo na mapigano ni tuishou, yaani mazoezi ya watu wawili kusukumana mikono. Ukitaka taichi iwe sanaa ya mapigano, tafuta mwenzi mapema. Miezi mitatu ya mfululizo inatosha kabla ya kuanza, usisubiri "ukamilike".

Anzeni na mkono mmoja. Simameni mkitazamana, kila mmoja ametanguliza mguu wa kulia. Nyayo za mbele zikae ubavuni kwa ubavu, pande za ndani zikitazamana, katikati pawe na nafasi ya ngumi moja. Mguu wa nyuma uwe hatua moja ya kawaida, vidole vimegeuzwa nje kiasi cha nyuzi 45. Visigino visikae kwenye mstari mmoja. Acha upana wa mabega kati yake, la sivyo utayumba hata kabla hujaguswa. Migongo ya vifundo vya mikono yenu ya kulia igusane kwenye usawa wa kifua. Mguso uwe mwepesi, uzito wa mkono wenyewe tu.

Sasa wewe geuza kiganja, sukuma taratibu kuelekea katikati ya kifua cha mwenzako huku uzito ukihama kutoka mguu wa nyuma kwenda wa mbele. Mwenzako asizuie wala asikimbie. Anarudisha uzito nyuma, na kabla hajafika katikati ya safari anaanza kugeuza kiuno kulia, msukumo wako unapita pembeni ya bega lake. Hapo naye anageuza kiganja na kukusukuma wewe. Duara linaendelea, mlalo, bila mguso kukatika. Dakika tano, kisha badilisheni mguu na mkono. Dakika 20 mara tatu kwa wiki zinajenga zaidi kuliko saa mbili za Jumapili.

Zoezi linaonekana la kitoto, ila makosa yote ya taichi yanajitokeza humo. La kwanza ni kuinama mbele unaposukuma. Goti likipita vidole vya mguu na kichwa kikipita goti, mwenzako akiacha tu kukupokea utaanguka mwenyewe. Sukuma mpaka uzito ufike kama asilimia 70 mbele, ukome hapo.

La pili ni mkono kuporomoka. Mtu anaambiwa alegee, basi analegea kama nguo iliyoanikwa, kiwiko kinagonga mbavu na kigasha kinalala kifuani. Akifika hapo hana tena nafasi ya kugeuka. Kiwiko kisikaribie mbavu chini ya ngumi moja, na kigasha kisikaribie kifua chini ya shubiri. Mkono unakuwa umejaa kwenda nje bila misuli kukazwa. Hali hiyo ndiyo Wachina wanaiita peng, na bila hiyo hakuna mbinu nyingine itakayofanya kazi.

La tatu, kurudisha uzito nyuma bila kugeuza kiuno. Unarudi mpaka kisigino cha nyuma, nafasi imekwisha, msukumo bado unakuja moja kwa moja. Kugeuka kuanze kabla hujafika nusu. Na ugeukie kwenye nyonga, goti libaki limeelekea viliko vidole vya mguu wake. Ukihisi maumivu upande wa ndani wa goti baada ya mazoezi, jua unageuza kwa goti. Punguza kina cha mkao kabla hujaumia kweli.

Falsafa ya yin na yang (pande mbili zinazokamilishana) inaingia hapa, na ni ya vitendo kuliko inavyosimuliwa. Mguu mmoja umejaa, mwingine mtupu. Upande unaosukumwa unakuwa mtupu, upande wa pili unajaa na kurudi kwa aliyesukuma. Risala ya zamani inayohusishwa na Wang Zongyue inasema kwamba mtu aliyefanya mazoezi miaka mingi na bado anazidiwa na wengine, ugonjwa wake ni uzito maradufu. Kwa vitendo: nguvu imekutana na nguvu, pande zote mbili za mwili zimekaza kwa pamoja, na anayeshinda ni mwenye mwili mkubwa.

Mkizoea mkono mmoja, ingieni mikono miwili kwa mzunguko wa peng, lu, ji na an, nguvu nne zilizomo kwenye mtindo wa Kushika Mkia wa Shomoro. Mwenzako anakusukuma kwa viganja viwili, kimoja kifundoni kwako na kingine kiwikoni (an). Unapokea kwa kigasha (peng), unageuka na kumwongoza apite, mkono wako mmoja kwenye kifundo chake, mwingine karibu na kiwiko (lu). Akihisi anavutwa, anaweka kiganja cha mkono wa pili ndani ya kigasha chake na kukubana kifuani (ji). Unazamisha kifua kidogo, unashusha mikono yake, unamsukuma (an). Zamu imegeuka. Msishikane kwa vidole. Anayeshika kwa nguvu amejifunga mwenyewe, maana mwenzake akigeuka anamburuta.

Kuhusu kumwangusha mtu: binadamu aliyesimama ni kigoda cha miguu mitatu kilichokosa mguu mmoja. Chora mstari akilini kati ya visigino vyake. Ukimsukuma kwa kuufuata mstari huo ana nguvu, ukimsukuma kwa kuukata hana kitu. Aliyetanguliza mguu wa kulia hukaa imara ukimsukuma mbele kwa mbele. Msukume kuelekea kushoto kwako na mbele kidogo, ataondoka kwa nguvu ndogo ya kushangaza. Subiri uzito wake ufike kisigino cha nyuma na kiuno chake kiache kugeuka, kisha toa nguvu kutoka kisigino chako, kupitia mguu na kiuno, mkono ukiwa wa mwisho kufika. Ukianza na mkono, atakuhisi.

Tuishou yenyewe si pigano. Mwaka 2017 huko Chengdu, mpiganaji wa mapigano mseto Xu Xiaodong alimwangusha Wei Lei, mtu wa taichi, kwa chini ya nusu dakika. Wengi walihitimisha kwamba taichi ni bure. Kwa maoni yetu pambano lile lilionyesha jambo dogo zaidi: mtu asiyezoea kupigwa ngumi za kweli hapati hata nafasi ya kugusana, na bila kugusana hakuna cha kuongoza wala kugeuza. Kwa hiyo baada ya mwaka mmoja hivi wa kusukumana, ongezeni tuishou ya kutembea, kisha mmoja avae glavu na kurusha ngumi za wazi huku mwingine akitafuta tu kugusa kigasha na kukaa nacho, bila kujibu. Raundi za dakika mbili, theluthi ya nguvu, kinga ya meno mdomoni kwa wote wawili.