Giaboksi inachemka, wakala anasema "ni kawaida"

Msomaji wa Kaliua ameandika wiki hii. Lori lake la ekseli tatu lenye trela likipakia tumbaku kwenda Tabora, giaboksi inapata moto hadi dereva anashindwa kuweka mguu karibu na mkono wa gia. Oili inanuka kuungua, na gia za chini zinakataa kuingia gari likishakuwa la moto. Alipompigia wakala aliyemuuzia, alijibiwa, "Hiyo kawaida, mzee, gari zote zinapata joto." Akapiga tena, simu haikupokelewa. Gari lina dhamana, na mkopo haujafika nusu.

Barua za namna hii zinakuja nyingi na jibu la wakala halibadiliki. Linakera, kwa sababu joto la giaboksi si jambo la kubishania kwa maneno. Lina namba. Kampuni ya Eaton, wenye giaboksi za Fuller ambazo muundo wake uko hata kwenye malori mengi ya Kichina, wameandika kwenye kitabu chao: giaboksi isifanye kazi mfululizo juu ya nyuzi 120 za Selsiasi. Ikipanda kwa muda mfupi hadi 149 haidhuriki, lakini kila inapokaa juu ya 120 oili huchakaa upesi. Kanuni ya jumla ya mafuta ya kulainishia ni kwamba kila nyuzi 10 zinazoongezeka hupunguza umri wa oili karibu kwa nusu. Kwa hiyo giaboksi inayotembea na 140 inamaliza oili karibu mara nne upesi kuliko inayotembea na 120. Baada ya oili zinafuata beringi, zile pete za chuma zinazobeba shafti zinazozunguka.

Kabla ya kugombana na mtu yeyote, pima. Kile kipimajoto cha bastola kinachopima bila kugusa kinatosha. Chagua sehemu tatu: mbele karibu na nyumba ya klachi, chini karibu na nati ya kumwagia oili, na nyuma inapotokea propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma. Kila sehemu isugue iwe safi, kisha ipake rangi nyeusi isiyong'aa, doa la ukubwa wa kiganja. Chuma kinachong'aa hukidanganya kipimajoto, kinasoma chini ya ukweli. Pima mara tu gari linaposimama, usisubiri. Na kumbuka ganda la nje kwa kawaida liko chini kuliko oili ya ndani: ukisoma 110 nje, ndani ni zaidi.

Kama huna kipimajoto, dondosha tone moja la maji. Tabora iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, maji huchemka huko kwenye nyuzi 96. Tone likikauka polepole uko salama. Likichemka palepale, ganda limepita mia au liko karibu, simama uchunguze. Tone tu. Utingo anayemwaga ndoo ya maji baridi kwenye ganda la aluminiamu lililowaka anaweza kulipasua, na ufa wa hivyo hakuna dhamana inayoulipa.

Ukiwa na namba za sehemu tatu, zilinganishe. Zikipanda zote pamoja, tatizo ni oili, mzigo au hewa ya kupozea. Moja ikiwa juu ya nyingine kwa nyuzi 15 au 20, fikiria beringi ya upande huo. Mbele ikizidi, kabla ya kuilaumu giaboksi tazama klachi inayoteleza, maana diski ikiteleza joto lake lote linaingia kwenye nyumba ya klachi na kupenya nyuma.

Sasa oili, na hapa tukae, kwa sababu malalamiko mengi huishia hapa. Gari lisimame mahali tambarare kweli. Nyuma ya gereji nyingi za Kigoma ni mteremko, na giaboksi iliyojazwa kwenye mteremko haijajazwa. Lizime, lisubiri robo saa oili ishuke. Fungua nati ya ubavuni, ya kujazia. Oili iwe sawasawa na mdomo wa chini wa tundu, ikitaka kumwagika yenyewe. Mafundi wengi huingiza kidole, wakiigusa oili wanafunga. Kosa kubwa. Kwenye giaboksi za lori, inchi moja ya kimo ni karibu lita 4. Kidole kimegusa, na giaboksi inayokula lita 12 au 13 inatembea na nane. Oili hiyo chache ndiyo inayobeba joto lote, nalo linapanda upesi zaidi.

Kujaza kupita kiasi nako ni ugonjwa. Meno ya gia yanaikoroga oili ya ziada, inatoa povu, povu halipozi wala halilainishi, na joto linapanda ilhali kila mtu anaapa kwamba oili imejaa.

Aina ya oili isomwe kwenye kitabu au kwenye kibati kilichopigiliwa kwenye giaboksi, si dukani. Namba za uzito wa oili hutofautiana: zipo zinazotaka 80W-90, zipo 85W-90, zipo zinazotaka SAE 50. Oili nzito ya namba 140 iliyowekwa ili kuzima mlio haitibu kitu: mlio unajificha, oili nzito inazungushwa kwa nguvu zaidi na joto linaongezeka. GL-4 na GL-5, viwango vya oili ya gia, pia si kitu kimoja. Dawa zilizochanganywa kwenye GL-5 huweza kula sinkronaiza za shaba (pete zinazolinganisha kasi ili gia iingie) joto likiwa kubwa, hivyo usiiweke mahali ambapo kitabu kimetaja GL-4. Usichanganye aina mbili ili tu kujaza.

Ukimwaga oili, soma sumaku ya nati ya kumwagia. Uji laini wa kijivu ni uchakavu wa kila siku. Vipande vyembamba kama magamba ni beringi au meno. Chembe za njano ambazo sumaku haizishiki ni shaba ya sinkronaiza. Oili nyeupe kama maziwa imeingiwa na maji, na njia ya maji mara nyingi ni briza.

Briza ni kitu kidogo juu ya giaboksi, kinapumua. Vumbi la barabara za vijiji vya tumbaku huiziba, au fundi anayepaka rangi anaipaka nayo. Giaboksi ikipata joto hewa inatanuka, haina pa kutokea, inasukuma oili kupitia sili ya nyuma. Unabadilisha sili, baada ya wiki inavuja tena, unalaumu sili. Ifungue, ioshe kwa dizeli, ipulizie hewa. Dakika kumi. Ukiwa huko juu bandua tope lililokauka kwenye ganda: udongo wa mfinyanzi wa msimu wa mvua ukikauka ni blanketi, hauachi chuma kipoe. Angalia pia kama kinga ya bomba la moshi ingalipo. Wengi huing'oa wakati wa kutengeneza bomba, hawairudishi, na bomba linaichoma giaboksi kutoka ubavuni safari nzima.

Uendeshaji nao una sehemu yake, na hili madereva wasichukie. Giaboksi ya lori haina feni, inapozwa na upepo wa mwendo. Kutembea chini ya kilomita 30 hivi kwa saa, injini ikizunguka juu, mzigo mzima, jua la Oktoba, ndiyo hali mbaya kuliko zote. Kupandisha kutoka Ziwa Tanganyika, lililo mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, kuelekea Kasulu ni hali hiyo hasa. Simama njiani kabla haijazidi: weka nyutro, achia klachi, injini iungurume taratibu dakika kumi au kumi na tano. Klachi ikiachiwa shafti ya chini ndani ya giaboksi inazunguka na kurusha oili. Ukizima ghafla oili inatulia chini na beringi za juu zinabaki na joto lao. Kwenye tambarare, kama giaboksi yako ina gia ya moja kwa moja na nyingine ya kasi juu yake, jaribu kubaki kwenye ya moja kwa moja siku ya mzigo mzito. Humo nguvu inapita kwenye shafti kuu bila kuzungushwa na meno ya pembeni, na joto linapungua.

Kushuka mlima gia ikiwa nyutro na klachi imekanyagwa, acheni. Shafti ya chini inasimama, magurudumu yanaizungusha shafti kuu kwa kasi, na oili hairushwi.

Vilevile kuvuta gari lililokufa. Hapa ndipo giaboksi nzuri zinauawa kwa mikono yetu wenyewe. Lori limeharibika pampu ya dizeli tu, linafungwa nyororo kutoka Uvinza hadi Kigoma, propela ikiwa imefungwa. Likifika giaboksi imekauka na kuungua. Ondoa propela uifunge kwa waya kwenye chesisi, au chomoa hafu shafti, zile za magurudumu ya nyuma, na kuziba matundu. Ni kazi ya nusu saa. Hakuna haraka inayozidi bei ya giaboksi.

Zile za otomatiki zina sheria yake. Kwa giaboksi za kampuni ya Allison, taa ya joto ikiwaka simama, weka nyutro, pandisha injini hadi mizunguko 1,200 mpaka 1,500. Joto lishuke ndani ya dakika mbili au tatu. Lisiposhuka, usiendelee: huenda kipoza oili kimeziba au oili imepungua. Na giaboksi ikishavunjika ndani, badilisha pia kipoza chake. Hakioshiki kikaisha chembe za chuma.

Fundi akifungua kubadilisha beringi, soma namba iliyochongwa ubavuni. Kwa beringi za aina ya 63, tarakimu mbili za mwisho, kuanzia 04, zidishe kwa 5 upate tundu kwa milimita: 6310 ni milimita 50. Duka lolote la beringi litaipata hata kama duka la lori lako linasema haipo. Lakini soma hadi mwisho: herufi C3 maana yake beringi ina nafasi zaidi ndani kwa ajili ya joto. Ukiweka isiyo na C3 mahali pa yenye C3, ikipata moto inabana, na giaboksi mpya inawaka safari ya kwanza. Beringi za koni zilizokazwa kupita kiasi kwa shimu (vibati vyembamba vya kurekebisha nafasi) hufanya vivyo hivyo. Baada ya matengenezo tembea kilomita 30 bila mzigo, pima. Sili nayo ina vipimo juu yake, ila uliza mpira wake: wa kawaida wa NBR huanza kuwa mgumu joto likikaa zaidi ya mia, wa FKM huvumilia karibu 200.

Turudi kwa wakala. Kutoka Kigoma hadi kwa mawakala wa Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000, na wao wanajua hutasafiri kila wiki kugonga meza yao. Simu haiachi alama. Andika. Barua iwe na namba ya chesisi, namba ya giaboksi kutoka kwenye kibati, kilomita zilizotembea, tarehe, na jedwali la joto: mahali, saa, mzigo, namba tatu. Ambatisha risiti za oili na za mizani. Sheria ya uzito ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaruhusu hadi tani 56 kwa gari zima, kikomo kikitegemea ekseli zake. Risiti zinazoonyesha uko chini ya kikomo chako zinawanyang'anya kisingizio chao cha kwanza, kwamba ulizidisha. Kama kweli ulizidisha, hapo umejifungia mlango mwenyewe.

Kisha waulize maswali yanayojibika. Kiwango cha juu cha joto kwa giaboksi hii ni nyuzi ngapi? Oili gani, lita ngapi? Mtengenezaji ana kipoza cha ziada cha nchi za joto, na namba yake ya spea ni ipi? Kuna waraka wa kiufundi kuhusu tatizo hili? Wape siku 14 kwa maandishi, na nakala ipeleke makao makuu ya mtengenezaji. Barua pepe moja, na nyingine kwa EMS ya Posta ubaki na stakabadhi.

Usiifungue giaboksi kabla hawajaandika kwamba wanaruhusu au wamekataa. Ikifunguliwa bila wao, kila kasoro itakuwa ya fundi wako. Ikibidi kumwaga oili, hifadhi nusu lita kwenye chupa safi kavu, andika tarehe na kilomita. Vipuri vilivyotoka visiuzwe chuma chakavu. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka muuzaji atoe kitu kinachofaa kwa kazi uliyomwambia unakinunulia. Kama kwenye mkataba au barua ulitaja kubeba mizigo mizito, tafuta karatasi hiyo. Wakili atakuuliza hiyo kwanza.

Ndugu wa Kaliua: kesho asubuhi kabla ya kuwasha, fungua nati ya ubavuni na briza, piga picha kibati. Paka yale madoa matatu. Nenda Tabora na mzigo uleule, pima Urambo, pima ukifika, halafu tuandikie namba zote sita.