Moduli mupya inapiga nyekundu: usinunue ingine kwanza

Ndugu, kama kisha kuongeza CM 1241 (moduli ya mawasiliano) ku otomati Siemens S7-1200 ya pompi taa yake ya DIAG (inaonyesha hali ya moduli) inapiga-piga nyekundu, ni kusema CPU (kichwa ya otomati) haiyaiona moduli. Kata kura (umeme) yote, hata mine hapa Lubumbashi banakusukuma umalize leo, angalia kama iko ku kushoto ya CPU na imeingia muzuri. Ikianza kupiga kijani, njo imeonekana lakini konfigirasyo (mipangilio yake) haiyafika, tuma programu. Kisha hapo fwata kabo: spidi na pariti (biti ya kuhakikisha data) zifanane pande zote, kila kifaa na adresi yake, rezistansi za 120 ohm paka ku miisho mibili ya laini, na tafazali sana kabo ya RS-485 (ile laini ya mawasiliano) usiipitishe pamoja na kabo za motere.