Kope limefura baada ya kupenga kamasi

SWALI: Jumapili nilipigwa kiwiko karibu na jicho tukicheza mpira. Uvimbe ulikuwa mdogo tu. Jioni nilipopenga kamasi, kope likafura papo hapo mpaka jicho likafumba. Nikiligusa, kitu kinachakarika ndani. Jirani anasema ni mzio, ninunue dawa ya matone. Ni kweli? – Msomaji, Tanga

JIBU: Pole sana ndugu. Matone ya mzio hayatakusaidia. Uvimbe wa mzio huwasha, mara nyingi hushika macho yote mawili, na hauchakariki. Unachokihisi chini ya kidole ni viputo vya hewa, na hewa hiyo imetoka puani.

Ukuta unaotenganisha jicho na pua ni mfupa mwembamba kama karatasi. Nyuma yake kuna vyumba vya hewa, yaani sainasi, vinavyofunguka puani. Sakafu ya jicho nayo imekaa juu ya sainasi ya shavu. Pigo la kiwiko linaweza kupasua kuta hizo bila ngozi kuchanika. Ukipenga, pumzi inasukumwa kupitia ufa. Kipande cha utando kilicholegea hapo kinaweza kugeuka vali: hewa inaingia, kurudi haiwezi. Ndiyo maana kupenga mara ya pili ni kujiongezea.

Nenda hospitali leo. Wapime uwezo wa kuona wa kila jicho peke yake, mboni, na jinsi jicho linavyozunguka. Kipimo kinachoonyesha vizuri ufa na hewa ni CT, yaani picha za eksirei za tabaka kwa tabaka zinazounganishwa na kompyuta. Eksirei ya kawaida huweza kuukosa. Kamasi ifute tu, usiipenge, hadi daktari akuruhusu, na hilo linaweza kuchukua wiki kadhaa. Chafya ikija, acha mdomo wazi wala usizibe pua. Usilikande kope. Usipande ndege wala kuzamia kabla ya ruhusa, kwa sababu hewa iliyonaswa hutanuka shinikizo la nje linaposhuka. Ikiwa ni kidogo, mwili huinyonya wenyewe, kwa kawaida ndani ya wiki 1 hadi 2.

Lakini jicho likitokeza nje na kuwa gumu, likiuma sana au likianza kuona giza, hiyo ni dharura ya dakika, si ya kesho. Hewa inabana neva ya kuona na mishipa ya damu. Daktari hukata kano kwenye pembe ya nje ya jicho ili kupunguza shinikizo, au huitoa hewa kwa sindano, na hapaswi kusubiri picha.

Kwa mtoto aliyegongwa, angalieni zaidi: akitapika na kushindwa kutazama juu, msuli unaweza kuwa umenaswa ndani ya ufa, hata kama jicho halina wekundu. Huyo huhitaji upasuaji wa haraka.

SWALI: Mdogo wangu ni fundi tairi. Mpira wa kompresa ulichomoka ukampuliza jichoni. Hakugongwa, lakini kope limefura na linachakarika. Hewa imepita wapi? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Imepita kwenye mchaniko mdogo wa utando laini unaofunika weupe wa jicho, hewa ya kompresa ina nguvu ya kutosha kupenya hapo na kusambaa hadi nyuma ya jicho. Huja na mafuta na vumbi, kwa hiyo mpeleke hospitali leo hata kama anaona vizuri: atazamwe kama kuna uchafu uliobaki na kama konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, imekwaruzwa, na daktari aamue kuhusu antibiotiki. Akirudi kazini avae miwani ya kinga inayofunika na pembeni.