Kwa nini jina la uvimbe hubadilika baada ya upasuaji

Dada, umeuliza ilikuwaje mdogo wako akaambiwa ana uvimbe wa kawaida wa ovari, kisha baada ya upasuaji majibu yakaja na jina jingine: uvimbe wa seli za granulosa, yaani seli zinazolizunguka yai ndani ya ovari. Si lazima awepo aliyezembea. Uvimbe huu mara nyingi hutengeneza homoni ya estrojeni, kwa hiyo dalili ya kwanza yaweza kuwa hedhi iliyovurugika, au damu kutoka baada ya ukomo wa hedhi, na macho ya wote huelekea kwenye mji wa mimba. Kipimo cha damu cha CA-125, ambacho wengi hukitegemea kushuku saratani ya ovari, mara nyingi hakipandi. Kinachopanda ni inhibini B, homoni ya ovari ambayo haipimwi mpaka mtu aushuku uvimbe wenyewe. Kuchoma sindano ili kutoa kinyama mapema nako huepukwa, maana seli zaweza kumwagika tumboni.

Hata chini ya darubini kazi haijaisha. Mwanapatholojia, daktari anayechunguza vinyama vilivyotolewa mwilini, hutafuta viini vya seli vyenye mfereji katikati, mithili ya punje ya buni, lakini zipo saratani nyingine zinazoiga sura hiyo. Tangu 2009 inajulikana kwamba karibu kila uvimbe wa granulosa wa aina ya watu wazima una badiliko lilelile katika jeni ya FOXL2, na kipimo cha badiliko hilo kikipatikana ubishi hupungua sana. Mimi ningeomba slaidi, yaani vioo vyenye vipande vyembamba vya uvimbe, na kipande kilichohifadhiwa kwenye nta visomwe upya na mwanapatholojia aliyebobea katika uvimbe wa viungo vya uzazi, kabla mpango wa tiba haujapitishwa.